Mtoto wa awali ‘anacheza tu’? Mzazi, tazama vizuri

Mtoto wa miaka mitano akirudi kutoka shule, swali la kwanza katika nyumba nyingi za Mwembesongo, Manispaa ya Morogoro, huwa moja: leo mmeandika nini? Akijibu kwamba wamecheza, sura ya mama inabadilika. Daftari linafunguliwa, halina kitu. Jioni baba anaambiwa, na mjadala unaanza wa kumhamishia shule ya kulipia, ambako wenzake wa umri huohuo wanarudi na kurasa mbili za irabu.

Hasira hiyo inaeleweka. Mtu anayeamka alfajiri kuwahi sokoni ili mtoto asome anataka kuona matunda ya jasho lake, na daftari ndilo ushahidi pekee anaoujua.

Lakini shule haikukosea. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016, uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, haukuanza na herufi. Ulitaja umahiri: mtoto aweze kuhusiana na wenzake, kuwasiliana, kutunza afya yake na mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Njia kuu ya kufika huko ni michezo. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, nao haukuiondoa.

Chukua mchezo ambao hata wewe uliucheza: nyama nyama. Kiongozi anataja mnyama. Akiwa wa kuliwa, watoto wanaruka na kuitikia “nyama!” Akitajwa fisi, wote watulie, na atakayeruka anatoka. Kwa mtu mzima ni kelele tu. Kwa mtoto ni kazi tatu kwa wakati mmoja: kusikiliza, kukumbuka kanuni, na kuizuia miguu ambayo tayari inataka kuruka. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Ni uwezo huohuo atakaouhitaji darasa la kwanza ili asubiri zamu yake na amalize alichoanza.

Mchezo huu una faida nyingine ambayo wazazi wachache wanaifikiria. Mtoto ambaye kila mara anawatazama wenzake kwanza ndipo aruke, huenda hasikii vizuri. Nyumbani anaitwa mkaidi kwa sababu haitiki. Darasani anaitwa mzito. Kumbe ni nta iliyoziba sikio, au maambukizi ya sikio yaliyokuja na mafua na hayakutibiwa. Uwanjani tatizo hilo linajitokeza mapema kuliko kwenye daftari, maana kunakili irabu ubaoni hakuhitaji masikio.

Mwalimu akikwambia ameona hivyo, usikasirike na usimchokonoe mtoto kwa njiti wala kumtia mafuta ya moto sikioni. Nenda naye kituo cha afya. Ukiona usaha, usisubiri ukauke wenyewe. Na anayesogeza picha karibu na pua ili aione, apimwe macho.

Kuhusu mwandiko, mkono wa mtoto wa miaka mitano bado unajengwa. Kiganja kina mifupa midogo minane karibu na kifundo, na katika umri huu baadhi bado ni gegedu inayoendelea kugeuka mfupa. Haina maana kwamba penseli inamdhuru. Ila vidole vinahitaji mazoezi kwanza, na mazoezi hayo ni kufinyanga udongo, kutunga shanga na kupanga vizibo vya soda. Mdako nao ni shule: kokoto inarushwa juu, nyingine zinachotwa shimoni na kurudishwa kwa hesabu kabla ile ya juu haijadakwa. Sijui daftari linaloweza kufundisha kuhesabu na kutawala vidole kwa pamoja namna hiyo.

Kinachopaswa kumkasirisha mzazi ni kitu kingine: idadi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitaka elimu ya awali iwe ya lazima, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Ada zilipofutwa mwaka 2016, uandikishaji nchini ulipanda kutoka watoto takriban milioni 1 hadi zaidi ya milioni 1.5 kwa mwaka mmoja. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Darasa likiwa mara mbili au tatu ya hapo, mwalimu hana namna. Anaandika ubaoni, watoto wanaitikia kwa pamoja, na kona za kujifunzia zinabaki mapambo. Hapo ndipo ‘wanacheza tu’ inaweza kuwa kweli, kwa sababu hakuna anayewaangalia. Basi kwenye kikao cha wazazi, uliza hilo. Uliza pia kama kuna uji, maana mwenye njaa hachezi wala haandiki.

Nyumbani hakuhitaji fedha. Mwache atenganishe maharage na choroko, apange sahani kwa idadi ya watu, ataje maembe mangapi yamebaki. Mruhusu akimbie. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka 3 na 4 apate angalau dakika 180 za kushughulisha mwili kila siku, alale saa 10 hadi 13, na asikae mbele ya kioo zaidi ya saa 1. Simu unayosomea makala hii imo.

Na swali la jioni libadilike: leo ulicheza na nani, mlicheza nini, nani alitoka? Majibu yatakuwa marefu kuliko ulivyozoea.

Vizibo ukivikusanya kwa ajili ya darasa, vioshe kwanza na vyenye kingo kali vitupe. Kama yupo mdogo wake anayetambaa, vihesabu kabla ya kuvirudisha mfukoni.