Kiwanja Kimoja, Nyumba Nne: Majirani Waulizwe Mapema

Mpima akionekana na vyombo vyake ndani ya ua wa jirani, habari huzunguka mtaa mzima kabla jua halijazama: wanakata kiwanja. Katika mitaa ya Dar es Salaam iliyopimwa zamani, kama Mikocheni na Mbezi Beach, sababu zinafanana. Baba amefariki na watoto wanne wanadai haki yao. Mama mjane hana pensheni, ila ana ua mpana wenye miembe ambao haumpi hata shilingi. Akiuza nusu, atapata fedha za matibabu. Basi kiwanja hakijagawanywa, lakini mtaa umeshagawanyika.

Upande mmoja wako wanaosema mali ni ya mwenyewe, aachwe. Upande wa pili wako wanaoona kila nyumba mpya kuwa ni hasara kwao. Pande zote mbili zina hoja, na kila upande unasahau jambo muhimu.

Tuanze na jiji lenyewe. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni moja ndani ya miaka kumi linahitaji mahali pa kulala. Tukikataa wasiishi karibu, wataishi mbali: Bunju, Chanika, Kongowe na kwingineko, ambako mabomba na nguzo za umeme huwafuata kwa kuchelewa na kwa gharama kubwa, huku asubuhi zao zikiishia kwenye foleni. Kugawa viwanja vikubwa vilivyo karibu na barabara, shule na hospitali ni jambo la busara, na jiji linalihitaji.

Wapinzani wengi huanza na hadhi ya mtaa. Hoja hiyo ina historia isiyopendeza. Wakoloni waliligawa jiji hili kwa rangi za watu. Uzunguni kulikuwa na viwanja vikubwa na bustani, Uhindini nyumba zilibanana na maduka, na Waafrika wa Uswahilini walipimiwa viwanja vidogo, kama pale Kariakoo. Ukubwa wa kiwanja ulitumika kumwambia mtu nafasi yake mjini. Nchi iliyojikomboa haipaswi kutumia kipimo hicho hicho kumfungia mlango mwalimu au muuguzi anayetafuta kiwanja anachokimudu.

Ila hapo hapo majirani wana jambo la kweli, nalo ni maji.

Tuchukue mfano wa kiwanja cha mita 40 kwa 50, yaani mita za mraba 2,000. Ukitaka kupata viwanja vinne, lazima kwanza ukate njia. Njia ya upana wa mita 6 inayopita upande mmoja hadi nyuma inachukua mita za mraba 300. Zinabaki 1,700, na kila kiwanja kinapata 425. Hapo ndipo mauzo yanapomvuta mwenye mali kupunguza njia, kwa kuwa kila mita ya njia ni mita isiyouzwa. Njia ikishuka hadi mita 2, gari la zimamoto haliingii, gari la kunyonya maji taka haliingii, na siku ya msiba hata jeneza hupitishwa kwa taabu.

Kisha inakuja mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Zamani sehemu kubwa ya ua ule ilikuwa mchanga na majani, na maji yalizama yenyewe. Nyumba nne zikijengwa, mabati na matofali ya sakafu ya nje yakifunika mita za mraba 1,500, mvua ya milimita 50 inamwaga lita 75,000, sawa na maboza saba na nusu ya lita 10,000. Pasipo mtaro, maji hayo yanaelekea kwa jirani wa bondeni. Wakazi wa Bonde la Mpunga, Msasani, wanalifahamu hili vizuri. Jina lenyewe linaonyesha kuwa pale palikuwa mahali pa maji, na nyumba zilipojaa, mafuriko yakawa wageni wa kila masika.

Vyoo navyo vimo katika hesabu hiyo. Nyumba nyingi za jiji hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Zinategemea mashimo yaliyochimbwa uani. Familia moja kwenye kiwanja kikubwa haisumbui mtu. Familia nne, kila moja na wapangaji wake, huhitaji mashimo manne yaliyobanana karibu na ukuta, na labda kisima cha jirani kiko upande wa pili wa ukuta huo. Shimo likijaa na gari halipiti, wapo wanaotapisha choo usiku mvua ikinyesha. Anayepinga mgawanyo kwa kuhofia kipindupindu hana roho mbaya. Anawalinda watoto wake.

Sheria inatoa nafasi ya kuyapima haya yote. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mwenye hati anaitumia kwa masharti. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kugawa kiwanja kunahitaji kibali cha mamlaka ya mipango. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kama mwenye hati amefariki, mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi, hata kama kaka mkubwa anapaza sauti kuliko wote.

Kasoro iko kwenye mpangilio wa mambo. Dalali hutangulia, mnunuzi hulipa, bikoni hupandwa, na majirani huulizwa ukuta ukishafika kwenye linta. Wakati huo mazungumzo hayana tena cha kubadilisha, na kinachobaki ni kwenda kusuluhishwa kwenye baraza la kata au kupelekana baraza la ardhi na nyumba la wilaya, ambako ujirani wa miaka mingi huishia.

Kwa hiyo familia inayotaka kugawa iwaite majirani kabla ya kumwita mnunuzi, na iweke mchoro mezani mbele ya mwenyekiti wa mtaa: njia ina mita ngapi, maji ya mvua yanaelekea wapi, mashimo ya vyoo yanakaa wapi na gari la kuyanyonya litafikaje. Majirani nao wafike na maswali hayo hayo, waache neno hadhi nyumbani. Majibu yakipatikana, wasizuie. Yasipopatikana, halmashauri isitoe kibali, hata kama mnunuzi ameshalipa.

Mrithi ana haki ya fungu lake, na mgeni ana haki ya mahali pa kuishi. Jirani naye ana haki ya kulala mvua ikinyesha bila kubeba godoro kichwani. Mchoro mzuri unaweza kuzitimiza haki zote tatu, mradi uchorwe na kujadiliwa kabla fedha hazijabadilisha mikono.