Kivu: Karo, simenti ama rangi ya mafuta? Ukuta wa dushi upimwe mbele ya kununua

Kila mwaka, mvua inapokatika kuelekea mwezi wa 6, wakaaji wengi wa Bukavu na Goma wanaanza kutengeneza nyumba zao. Dushi ya ndani mara nyingi inakuwa ya kwanza: rangi imebambuka, simenti inatoka unga, na upande wa pili, ukuta wa chumba cha kulala umeota ukungu mweusi. Wengi wanakimbilia sokoni kuuliza bei ya karo. Fundi mwenye kujua kazi anaanza na swali lingine: maji yanapita wapi?

Karo yenyewe haipitishi maji kirahisi. Shida iko katikati ya karo na karo, kwani viungo ni vya simenti, na simenti inakunywa maji kidogo kidogo. Familia ya watu sita ikioga kila siku, ukuta hauna wakati wa kukauka. Kama nyuma kuna matofali ya kuchoma, sawa vile kwenye nyumba nyingi za Bukavu, unyevu unapanda na kuvuka upande wa pili. Uharibifu hauonekani mpaka siku karo zinaanza kuanguka, na feza zote zimekwisha kutoka.

Goma kuna shida ingine. Tangu volkano ya Nyiragongo ilipofunika sehemu ya mji kwa lava, tarehe 17 Januari 2002, nyumba nyingi zimejengwa kwa mbao juu ya mawe hayo. Kubandika karo moja kwa moja juu ya mbao ni kupoteza makuta. Mbao inavimba ikilowa, inarudi ikikauka, na karo inapasuka. Afadhali kujenga ukuta mdogo wa bloke upande wa dushi. Mwenye kukosa uwezo anaweza kufunika mbao kwa bati bapa ama plastiki nzito. Kipande cha juu kilalie kile cha chini, kama mabati ya paa, na nafasi ya hewa ibaki nyuma ili mbao isioze.

Kwa ukuta wa matofali ama mawe, kuna njia tatu.

Ya kwanza ni simenti laini, ambayo ndiyo ya bei ya chini. Kipimo kinachofaa kwa ukuta wa maji ni ndoo moja ya simenti kwa ndoo tatu za mchanga safi, usiokuwa na udongo. Krepi ikiwa ingali mbichi, inapakwa uji wa simenti tupu na kulainishwa kwa mwiko. Kisha inamwagiwa maji kwa siku saba, isikauke haraka na kupasuka. Haina urembo mwingi, lakini ikiharibika inatengenezwa kwa urahisi.

Ya pili ni rangi ya mafuta. Inasafishika vizuri na kazi yake ni ya haraka. Lakini simenti mpya inapaswa kungoja karibu wiki nne mbele ya kupakwa, na ukuta wenye unyevu utaitupa rangi hiyo kwa miezi michache.

Ya tatu ni karo. Hapa matayarisho yanapita karo yenyewe. Krepi ya zamani inagongwa kwa nyundo: pale inapolia kama mtungi mtupu, inabomolewa. Rangi ya zamani inakwaruzwa. Kisha tabaka la kuzuia maji linapakwa, zaidi kwenye pembe na kuzunguka tiyo. Kole ienee nyuma ya karo nzima. Mafundo matano tu yanaacha mifuko ya maji. Viungo vinajazwa kesho yake, na kwenye pembe za ukuta inawekwa silikoni, sababu simenti inapasuka hapo.

Mwenye feza kidogo hana lazima ya kufunika chumba chote. Chumba cha mita 2 kwa 1.50, chenye urefu wa mita 2.50, kinaomba karibu mita 16 za mraba mlango ukitolewa. Pembe ya kuogea ya mita moja kwa moja, kuta tatu mpaka mita 2 juu, inaomba 6 tu. Ukiongeza sehemu moja ya kumi kwa karo zitakazokatwa, 7 zinatosha. Karo za ukutani zenye kung'aa zisiwekwe chini, kwani zinatelezesha wazee na mama wajawazito. Sakafu nayo ielekee kwenye tundu la maji, ishuke sentimita 1 ama 2 kwa kila mita.

Kwa wapangaji, kuna hatua moja mbele ya yote: kuandikiana na mwenye nyumba nani analipa, na kama feza zitakatwa kwenye kodi. Karo ikishabandikwa, mpangaji hawezi kuhama nayo.

Mbele ya kutoa feza yoyote, kuna kipimo kisichogharimu kitu. Bandika kipande cha plastiki nyeupe inayoonyesha kwenye ukuta uliokaa siku chache bila kuogewa, ufunge pembe zote, ungoje saa 24. Ukikuta matone ndani, ukuta ungali na maji: tafuta tiyo inayovuja, ama fungua dirisha na ungoje. Ukikuta pakavu, unaweza kwenda sokoni.