UJERUMANI, NCHI YA MAFUNDI

  

Kwanza tazameni neno hili: shule. Lisomeni pamoja nami: shu-le. Mnalitumia kila siku, lakini je, mwajua limetoka wapi? Limetoka kwa Wajerumani. Wao huandika Schule, na hulitamka karibu kama sisi. Neno hela pia ni lao. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya siku walipoitawala Tanganyika. Utawala ule ulikuwa mkali, na watu wengi sana walikufa katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 mpaka 1907. Utawala umekwisha zamani, maneno yamebaki. Leo tuwatazame watu hawa nyumbani kwao.

Ujerumani iko katikati ya Ulaya. Watu wake ni kama milioni 83, na mji mkuu ni Berlin. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, miji mingi ilikuwa vifusi. Mwaka 1949 nchi ikawa mbili, ya Magharibi na ya Mashariki. Zikaungana tena mwaka 1990. Leo Ujerumani huuza magari, mitambo na dawa katika dunia nzima.

Je, utajiri huo watoka wapi? Labda mtasema: makaa ya mawe. Ni kweli, makaa ya bonde la Ruhr yaliendesha viwanda kwa miaka mingi. Lakini mgodi wa mwisho wa bonde hilo ulifungwa mwaka 2018, na mitambo bado inatengenezwa. Basi liko jambo jingine, nalo ni ufundi wa watu.

Tuchukue mfano wa mwokaji mikate. Wajerumani hupenda mkate kama wengi wetu tupendavyo ugali. Hata chakula cha jioni huitwa Abendbrot, maana yake mkate wa jioni.

Kijana anayetaka kazi hiyo hufanya mapatano ya maandishi na mwenye kiwanda cha mikate. Hujifunza kwa miaka mitatu. Siku nyingi za juma yuko kazini, akikanda unga na kuangalia tanuri. Siku moja au mbili huenda shule. Huko hujifunza hesabu za vipimo, habari za unga na mambo ya usafi. Kila mwezi hupata mshahara mdogo. Mwisho hufanya mtihani wa mikono na mtihani wa kalamu. Akishinda yote miwili, hupewa cheti. Akiendelea na kushinda mtihani mkubwa zaidi, huitwa Meister, yaani fundi mkuu. Kwa kawaida huyo ndiye awezaye kufungua kiwanda chake cha mikate na kufundisha wengine.

Kazi zinazofundishwa namna hii ni zaidi ya 300. Zimo useremala, uashi, umeme na ukarani.

Si kwamba mambo yote ni mazuri. Katika majimbo mengi watoto hugawanywa katika shule mbali mbali wakiwa na umri wa miaka kama kumi. Wazazi wengine hulalamika kwamba ni mapema mno. Tena siku hizi waokaji wengi hukosa vijana wa kufundisha, maana kazi yao huanza usiku, wenzao wakiwa wamelala.

Sasa nakugeukia wewe. Labda wewe ni mshonaji, au seremala, au mwashi. Mikono yako inajua kazi. Lakini mtu akikuletea mapatano ya kujenga nyumba, nani atakusomea? Nani atapiga hesabu ya mbao na misumari? Ukimtegemea mwingine, yeye ndiye atakayejua faida yako kabla yako. Kijana yule wa Ujerumani hakuambiwa achague nyundo au kalamu. Alipewa vyote viwili. Nawe usiku huu umeishika kalamu, usiiache.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Neno hela limetoka wapi?
2. Kijana wa mikate hujifunza kwa miaka mingapi?
3. Katika kazi yako, ni kitu gani ungependa kuandika mwenyewe? Kiandike sasa.