Mradi Mdogo wa Kustaafu: Tenga Pesa ya Kuku na Pesa ya Unga

Mikindani ina wastaafu wengi, na si ajabu. Mtaa uko kando ya barabara kuu ya Nairobi, ukishapita Changamwe tu, na kwa miaka mingi watu wa bandari ya Kilindini, wa reli na wa kile kiwanda cha kusafisha mafuta (kilichoacha kusafisha mwaka 2013) wameishi upande huu. Mtu aliyezoea shifti ya alfajiri hata akistaafu anaamka saa ile ile. Anaoga, anakunywa chai, halafu anajiuliza: sasa niende wapi? Kahawa barazani ni saa moja. Drafti chini ya mwarobaini ni saa mbili, tatu ukishindwa na kutaka kulipiza. Kuna msikiti au kanisa, kuna wajukuu wakitoka shule. Bado mchana ni mrefu.

Hapo ndipo banda la kuku linapojengwa nyuma ya nyumba, magunia ya sukuma yanapangwa ukutani, na mama aliyekuwa karani anaanza kukaanga mahamri ya kuuza asubuhi. Sisi tunaipenda miradi hii. Inampa mtu sababu ya kutoka kitandani, na inaleta chochote.

Lakini kazi yetu sisi ni pesa za simu, si kuku, kwa hivyo tutasema tunachokijua. Miradi mingi ya aina hii haifi kwa ugonjwa wala kwa kukosa wateja. Mayai yanatoka, majirani wananunua, na bado mwisho wa mwezi mwenyewe anauliza pesa imeenda wapi. Imeenda mahali pamoja: laini ile ile inayopokea pensheni, kodi ya chumba cha uani na pesa ya mayai ndiyo inayonunua tokeni za stima, inayochangia matanga na inayosaidia jamaa. Pesa zote zikikaa chungu kimoja, huwezi kujua ipi ni ya kuku na ipi ni ya unga.

Hesabu ya kuku ishirini

Tuchukue kuku 20 wa kienyeji walioboreshwa, kama wale wa KALRO, ambao huanza kutaga wakikaribia miezi mitano. Kuku mkubwa akifungiwa bandani anakula kama gramu 130 kwa siku. Ishirini wanakula kilo 2.6. Gunia la kilo 70 basi litakaa siku 27 hivi, haliishi mwezi mzima.

Tuseme wanataga vizuri, mayai 12 kwa siku. Kwa siku 27 ni mayai 324, yaani trei kumi na mayai 24 juu. Sasa bei. Hizi ni za mfano tu, wewe weka zako za mtaani: yai shilingi 18, gunia la chakula shilingi 3,800. Mayai yote yakiuzwa ni shilingi 5,832. Ondoa gunia, zinabaki 2,032. Lakini nyumbani mnakula mayai mawili kila asubuhi, si vibaya, ni yenu. Hayo ni mayai 54, shilingi 972 ambazo hazikuingia. Zinabaki 1,060. Ondoa 400 za chanjo, maranda na maji. Umebaki na shilingi 660.

Shilingi 660 kwa karibu mwezi mzima wa kuamka na kuku. Tusikudanganye kwa maneno matamu ya matangazo, ndivyo ilivyo kwa mradi wa ukubwa huu ukinunua kila kitu wanachokula. Na sasa tuiweke hiyo 660 kwenye simu. Jumatatu mwenye kioski ametuma 540 ya trei moja. Jumanne saa mbili usiku tokeni zimeisha, umenunua za 300. Jumatano mpwa wako amepiga kutoka Mtwapa, "Mjomba, nisaidie 400 ya dawa." Hakuna aliyekosea hapo. Tokeni lazima zinunuliwe na mgonjwa lazima atibiwe. Ila faida ya mwezi mzima imekwisha ndani ya siku mbili, na wewe hukuona chochote, maana salio lilikuwa bado linasoma elfu tatu na kitu. Ile elfu tatu ilikuwa ya gunia.

Siku ya kununua chakula ikifika inabidi uguse pensheni, au ununue nusu gunia. Kuku wakipunguziwa chakula wanapunguza kutaga. Trei zikipungua, pesa ya gunia lijalo inapungua zaidi. Miezi mitatu baadaye kuku wanauzwa mmoja mmoja, na mtaani inasemekana kuku hawana faida.

Laini ni moja, lakini mifuko iwe miwili

Dawa yake haihitaji simu kubwa. Hata ile mulika mwizi inatosha, kwa sababu menyu za kupiga nyota na reli hazihitaji bando.

Njia ya kwanza ni laini ya pili, ya mradi peke yake. Njia ya pili ni pochi ya biashara ndani ya nambari yako ile ile, ambapo pesa ya wateja inakaa upande wake na salio lake unaliona peke yake. Ya tatu ni nambari ya tili, ile unayobandika mlangoni. Ukituuliza sisi, kwa anayeuza mayai kwa majirani na vioski viwili, pochi ya biashara inatosha kabisa. Tili ina maana zaidi kwa mama mahamri, anayehudumia watu wengi kwa haraka asubuhi na hana nafasi ya kutafuta chenji na mikono imejaa unga. Laini ya pili ni nzuri pia, ila wazee wengi tuliozungumza nao huishia kusahau nambari ya siri ya mojawapo, halafu wanaiandika nyuma ya simu. Usiiandike nyuma ya simu, tafadhali.

Mfuko ukishatengwa, kila trei ya 540 igawe siku hiyo hiyo inapolipwa. Kwa bei zetu za mfano, chakula cha kuku kwa kila trei ni kama 350. Hiyo ipeleke kwenye akiba iliyofungwa, ile ambayo haitoki mpaka tarehe uliyochagua, na tarehe iwe ile gunia linapokaribia kuisha. Shilingi 40 ni za chanjo na maranda. Zinabaki 150, na hizo ndizo zako: kula, gawa, mtumie mpwa wako. Akipiga simu na 150 zimekwisha, unamjibu ukweli bila kuona haya, "Baba, yangu imeisha, iliyobaki ni ya kuku."

Na jambo moja ambalo watu hulicheka tukiwaambia: lipa mayai unayokula. Kila Jumapili hesabu yaliyoingia jikoni kwako na uyalipie kutoka pesa ya nyumbani kwenda pochi ya mradi, bei ile ile ya jirani. Kama unalipa kwa tili yako mwenyewe, angalia kwanza ada zake. Yale mayai 54 yalikuwa kifungua kinywa cha nyumba nzima, na mradi ulistahili shilingi 972 zake. Usipoyalipa utafikiri kuku wamekupa 660 tu, kumbe wamekupa 1,632.

Ukitaka ile faida ikue, punguza gunia. Waachie kuku watembee jioni kama una ua, wape mabaki ya jikoni na majani ya sukuma yaliyokomaa. Chanjo usiruke, hasa ya kideri, ile ya matone ya jichoni, kwa sababu kideri ikiingia mtaani inaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na hapo hakuna pochi itakayokusaidia.

Mradi usiouza kitu

Si lazima mradi uuze. Kuna kazi moja ndogo ya nyumba ambayo tunadhani inawafaa wastaafu wa Mikindani kuliko hata kuku, nayo ni gata na tangi la mvua.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 20, ni lita 1,200. Toa yanayomwagika na yale ya kwanza unayoyaacha yaoshe vumbi la mabati, bado unabaki na kama lita 1,000. Hiyo ni mitungi 50 ya lita 20. Wewe unajua unalipa ngapi kwa mtungi mfereji ukikauka na mwenye mkokoteni akipita, zidisha mwenyewe. Masika yetu ya Pwani hunyesha sana kati ya Aprili na Juni, kwa hivyo gata inafaa iwe imefungwa mwezi Machi, si Mei watu wakiwa wanagombea fundi mmoja. Maji ya paa tumia kufulia, kuoshea na kumwagilia. Ya kunywa ni lazima yatibiwe au yachemshwe.

Kwa fundi, tuna shauri moja la pesa. Usimpe pesa ya vifaa mkononi. Nenda naye dukani, au akupigie akiwa pale, na ulipe nambari ya duka moja kwa moja. Jina la duka linatokea kwenye meseji, kiasi kinaonekana, na mabati yakija pungufu una pa kuanzia. Ufundi ulipe kwa awamu: kiasi kazi ikianza, kiasi tangi likisimama, kinachobaki mvua ya kwanza ikishapita bila kuvuja. Fundi mzuri hakatai mpango huo.

Maji yakiwepo, bustani ya magunia inakuja yenyewe. Jaza gunia udongo na samadi, katikati weka nguzo ya kokoto ili maji yafike chini, toboa pembeni na upande. Mchicha unavunwa ndani ya mwezi mmoja hivi, sukuma ndani ya miezi miwili. Ila walio karibu na Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliacha madini ya risasi udongoni, msichimbe udongo wa pale pale. Nunueni udongo wa kutoka mbali.

Kiinua mgongo na simu za wageni

Hapa ndipo tunapoogopa zaidi kwa niaba yenu. Mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60, na NSSF pia hulipa mafao ukifika 60, au kuanzia 50 ukistaafu mapema. Pesa ikiingia ni nyingi kwa mkupuo, na habari husambaa. Kwanza kabisa, simu si mahali pa kuiweka. Kwa M-Pesa, kwa mfano, tangu 2023 pochi haiwezi kushika zaidi ya shilingi 500,000 na huwezi kutuma zaidi ya 250,000 kwa mara moja. Kiinua mgongo kikae benki au kwenye Sacco, na simu ipokee ya matumizi ya mwezi na mtaji wa mradi tu.

Halafu kuna simu za sauti ya heshima. "Shikamoo mzee, tunapiga kutoka ofisi ya pensheni, faili yako imekwama, tuma 3,500 ya kuifungua." Anajua jina lako, pengine anajua hata ulikofanya kazi. Kata simu. Malipo ya huduma za serikali yanapitia eCitizen, kwa nambari ya malipo 222222, hayapitii nambari ya mtu. Ukiwa na shaka, panda matatu uende ofisini mwenyewe, si una muda siku hizi?

Mwingine atatuma meseji inayofanana kabisa na yetu, ati umepokea 4,800, kisha apige akilia kwamba alikosea nambari. Usiangalie meseji, angalia salio. Kama salio halijapanda, hakuna pesa iliyoingia. Kama imeingia kweli, usirudishe wewe kwa mkono wako. Mwambie apigie huduma kwa wateja, kuna utaratibu wa kuirudisha ambao hautakuacha umelipa mara mbili. Na nambari ya siri hatuiulizi. Sisi wenyewe hatuiulizi, hata tukikupigia sisi.

Mwisho wa kila mwezi omba taarifa ya pochi ya mradi kwenye menyu. Ikija kwa barua pepe na macho yanasumbua, mwite mjukuu akusomee. Angalia mistari miwili tu: jumla iliyoingia na jumla iliyokwenda kwa chakula. Chakula kikizidi nusu ya mapato, ni kawaida kwa mayai. Kikizidi robo tatu, hesabu kuku wanaotaga na wale wanaokula bure, na Jumamosi mmoja wao aingie kwenye biriani.