HOTELI ZA KITALII NA KIJIJI: NANI MWENYE MALI?

Suala la utalii si suala la burudani. Ni suala la uchumi, la ardhi, na la madaraka ya wananchi juu ya mali yao. Mgeni anayelala katika kambi ya kifahari pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire huweza kulipa kwa usiku mmoja fedha ambazo mkulima wa kijiji cha jirani hazipati kwa msimu mzima wa mahindi. Mgeni huyo amekuja kumtazama tembo. Tembo yuleyule, akivuka mpaka usiku, anaweza kulimaliza shamba la mkulima huyo kabla ya alfajiri.

Wenye hoteli hizo husema kwamba zinahifadhi wanyamapori na kuwasaidia wenyeji. Wanaowapinga husema kwamba huo ni unyonyaji uliovikwa nguo mpya. Kila upande una mifano yake. Makala hii inakusudia kueleza ni katika hali gani kauli ya kwanza huwa kweli, na ni katika hali gani huwa maneno matupu.

Historia ya Suala Lenyewe

Hatuwezi kuyafahamu mambo ya leo bila ya kutazama tulikotoka. Serengeti ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951 chini ya ukoloni. Mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani yake waliondolewa na kuhamishiwa upande wa Ngorongoro. Hivyo ndivyo fikra ya kwanza ilivyojengeka: mnyama ndani, mwananchi nje.

Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa mjini Arusha tamko la kuahidi kuwalinda wanyamapori. Tamko hilo lisichanganywe na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Baada ya Azimio, dola yenyewe ilijenga hoteli za kitalii mwanzoni mwa miaka ya 1970: Lobo na Seronera katika Serengeti, Ngorongoro kwenye ukingo wa kreta, na Manyara juu ya bonde la ufa. Wakati huohuo, mwaka 1970, vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali magazetini wakiuliza: je, utalii unaweza kujenga ujamaa, au unatujengea taifa la watumishi wa mezani?

Umilikaji wa dola ulijibu nusu ya swali hilo. Hoteli ilikuwa mali ya Taifa, na faida yake, ilipopatikana, ilikuwa ya Taifa. Lakini nusu ya pili haikujibiwa. Kijiji kilichopakana na hifadhi hakikuwa na sauti katika hoteli ile, wala hakikuwa na fungu lake. Hoteli za dola zilipobinafsishwa baadaye, na kambi nyingi za watu binafsi zikajengwa, swali hilo lilirudi likiwa na uzito zaidi.

Wanyama Hawajui Mpaka

Wako watu wanaodhani kwamba hifadhi zikilindwa vizuri, kazi imekwisha. Dhana hiyo si sahihi, na Tarangire ni ushahidi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1970 kuuzunguka mto ambao hauishiwi maji wakati wa kiangazi. Kiangazi kikikaza, nyumbu, pundamilia na tembo hukusanyika mtoni. Mvua zinaponyesha, nyumbu na pundamilia wengi hutoka nje ya hifadhi. Huenda mbuga za Simanjiro kuzaa, kwa kuwa majani mafupi ya huko yana madini anayoyahitaji mama anayenyonyesha. Wengine hupita ushoroba wa Kwakuchinja kuelekea Manyara.

Maana yake ni nini? Ni kwamba wanyama wanaoiletea hifadhi sifa huzaliwa na kulelewa katika ardhi ya vijiji. Mbuga za Simanjiro zikilimwa zote, au ushoroba ukizibwa kwa nyumba na mashamba, hifadhi itabaki na mto usio na wanyama. Kwa hiyo mfugaji anayeamua kuacha mbuga bila ya kulima anafanya kazi ya uhifadhi. Kazi hiyo ina thamani, na kazi yenye thamani inastahili ujira. Katikati ya miaka ya 2000, kijiji cha Terrat huko Simanjiro kilikubaliana na makampuni kadhaa ya utalii kulipwa kila mwaka ili eneo la mbuga libaki malisho ya ng'ombe na wanyamapori bila ya kulimwa. Hapo kijiji hakikuomba sadaka. Kiliuza huduma.

Jumuiya na Mkataba

Sheria imefungua mlango. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 na kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu vijiji kutenga sehemu ya ardhi yao na kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, nao mkutano mkuu wa kijiji una kauli yake. Ardhi iliyotengwa hubaki ya kijiji; mwekezaji hupewa haki ya kujenga kambi kwa muda na kwa masharti, naye hulipa. Burunge, kati ya Tarangire na Manyara, na Ikona, jirani na Serengeti, ni miongoni mwa jumuiya za mwanzo.

Lakini sheria haitoshi kama hakuna uelewa. Kijiji cha Minjingu kilipotaka kujitoa katika jumuiya ya Burunge, kiligundua kwamba kutoka hakukuwa rahisi kama kuingia. Fedha zinazoletwa na ardhi ya kijiji kimoja hugawanywa kwa vijiji vyote, na sehemu nyingine huchukuliwa juu kabla ya kufika chini. Hapo ndipo manung'uniko huanza.

Aidha, tusisahau gharama. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa aliyefiwa na ndugu kwa kuuawa na mnyama. Majina hayo yenyewe yanasema kweli: ni kufuta machozi, si kulipa fidia.

Funzo Kutoka Namibia

Ndugu zetu wa Namibia, ambao chama chao cha ukombozi, SWAPO, kilipata makao Dar es Salaam wakati wa mapambano, walipata Uhuru mwaka 1990. Mwaka 1996 walirekebisha sheria ili jumuiya za vijijini zipate haki juu ya wanyamapori na utalii. Torra ilikuwa miongoni mwa jumuiya nne za kwanza kuandikishwa, mwaka 1998. Baadhi ya wakazi wake walikuwa wamehamishiwa huko na makaburu kutoka Riemvasmaak, Afrika Kusini, katika miaka ya 1970. Watu hao walionyang'anywa ardhi waliingia mkataba na kampuni ya utalii: kambi ya Damaraland ikajengwa, jumuiya ikawa inapata asilimia 10 ya mapato ya vitanda, na wenyeji wakafunzwa hadi kufikia kuisimamia kambi. Kilichowafaa ni mkataba, si hisani.

Hatari ya Kutegemea

Hata mkataba mzuri hauondoi hatari. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, vitanda vya hoteli za kaskazini vilibaki vitupu. Wageni wa Tanzania walikuwa zaidi ya 1,500,000 mwaka 2019, lakini kwa sababu ya UVIKO-19 walishuka hadi karibu 620,000 mwaka 2020. Kijiji kilichoacha ng'ombe na jembe kwa kutegemea wageni kilipata funzo chungu. Utalii uwe nyongeza ya kilimo na ufugaji. Usichukue nafasi yake.

Vipimo Vinne

Basi, mwananchi akiambiwa kwamba hoteli fulani inahifadhi wanyama na kusaidia jamii, na aulize haya:

(a) Je, mkutano mkuu wa kijiji uliusoma mkataba kwa Kiswahili na kuujadili kabla ya kutiwa saini?

(b) Je, fedha hulipwa kwa haki iliyoandikwa, au hutolewa kwa hisani ya mwenye hoteli anapopenda? Darasa na kisima ni vitu vyema, lakini kinachotolewa kwa hisani huweza kusitishwa wakati wowote.

(c) Je, kijana wa kijiji ataishia kubeba mizigo ya wageni, au iko njia ya kumfikisha kwenye umeneja na uhasibu?

(d) Je, hesabu husomwa hadharani, na aliyeliwa shamba na tembo anapata fungu lake kabla ya viongozi kulipana posho?

Hoteli inayofaulu vipimo hivyo ni mwenzi wa kijiji, hata mabafu yake yakiwa ya marumaru. Inayoshindwa ni mpangaji asiyelipa kodi, hata ikigawa madaftari kila mwaka. Tembo ataendelea kuvuka mpaka. Mwanakijiji atamlinda kwa moyo pale atakapoona, kwa hesabu na si kwa hotuba, kwamba huyo ni mali yake.