Ukiangalia ‘True Detective’ ukachanganyikiwa, jua huo ndio mpango

Kuna tamthilia za kuangalia ukikunja nguo. Unaenda jikoni, unageuza chapati, unarudi, na bado unajua nani anampenda nani. Halafu kuna zile ambazo ukiinama tu kuokota chaja, ukiinua kichwa hujui huu ni mwaka gani, na yule mzee mwenye nywele ndefu ametoka wapi.

Msimu wa kwanza wa True Detective uko kwa hilo kundi la pili. Ulionyeshwa na HBO kuanzia Januari 2014, vipindi vinane pekee. Ni wa kitambo, naam. Lakini hapa Ziwa bado unazunguka, kutoka flashi hadi flashi, kutoka laptopu ya mtu wa chuo cha ufundi hadi simu ya mtu wa boda, na kila unapofika unaacha ugomvi. Nusu ya mbogi yangu inasema ni noma. Nusu nyingine inasema aliyeiandika alikuwa amelewa.

Mimi niko na hiyo nusu ya kwanza. Na sababu yangu haihusu Hollywood sana. Inahusu sisi.

Stori yenyewe, bila kuharibia mtu

Mwaka ni 1995, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Maiti ya msichana anayeitwa Dora Lange inapatikana kwenye shamba la miwa, imepigishwa magoti chini ya mti, kichwani imevishwa pembe za mnyama. Sisi tuliokulia kwa mahindi tunaelewa hofu ya hiyo picha haraka kuliko mtu wa Nairobi. Mwezi wa nane, mahindi yakishampita mtu kimo, shamba la Ziwa linaweza kuficha chochote. Unapita na baiskeli, unasikia majani yanapigana, na unakanyaga pedali zaidi.

Kesi inapewa wapelelezi wawili. Rust Cohle, anayeigizwa na Matthew McConaughey, ni mpweke, haamini kitu, na anaongea kama mtu ambaye hajalala wiki nzima. Mwenzake Marty Hart, yaani Woody Harrelson, ni mtu wa familia. Au tuseme, anapenda kuitwa mtu wa familia.

Mpaka hapo ni rahisi. Shida inaanza ukigundua kwamba wawili hao wanasimulia kesi hiyo mwaka 2012, wakiwa wamezeeka, kila mmoja peke yake, mbele ya wapelelezi wengine wanaorekodi. Katikati kuna mwaka 2002, ambapo urafiki wao ulivunjika. Tamthilia inaruka miaka hiyo mitatu bila kukugongea mlango.

Juu ya hapo kuna maneno ya ajabu: Mfalme wa Manjano, Carcosa. Watu walichimba mtandaoni hadi wakakuta kitabu cha Robert W. Chambers cha mwaka 1895, na Chambers mwenyewe jina la Carcosa alilitoa kwa mwandishi mwingine, Ambrose Bierce. Kama hukujua hayo, hukukosa mtihani. Wapelelezi wenyewe hawajui.

Stelingi ni nani hapa?

Wengi wetu tulijifunza filamu kwa sauti ya DJ Afro. Unalipa, unakaa kwa benchi, na kabla dakika tano ziishe umeshaambiwa stelingi ni nani, adui ni nani, na nani atakufa vibaya. Hakuna kupotea. Ni raha, na siikatai hata leo.

Lakini jaribu kuwaza DJ Afro akipewa True Detective. Angesema nini? Stelingi analewa kazini. Mwenzake anamdanganya mkewe, kisha anawahubiria watu kuhusu familia. Huyu mwenye sura ya muuaji hana hatia, na yule mwenye sura ya mchungaji usimwache na mtoto. Jamaa mmoja fundi wa pikipiki, tukiwa kipindi cha pili, aliuliza kwa uchungu kabisa, “Weri, sasa mimi nimshangilie nani?” Hakuna aliyemjibu.

Na usidhani ni bahati mbaya. Vipindi vyote vinane viliandikwa na mtu mmoja, Nic Pizzolatto, na vyote vikaongozwa na mtu mmoja, Cary Joji Fukunaga. Fukunaga huyo ndiye aliyemaliza kipindi cha nne kwa uvamizi wa dakika sita hivi uliopigwa bila kukata kamera hata mara moja. Watu wenye mikono thabiti kiasi hicho hawapotezi stori. Ukipotea, wamekupoteza kwa makusudi.

Huku kwetu pia kuna waliojaribu kutuvuruga. Crime and Justice ya 2021, yenye Sarah Hassan na Alfred Munyua, ilikuwa ya kesi zilizonyooka, wapelelezi wa Nairobi kazini. Lakini Igiza ya 2022 ilimpa Serah Ndanu kazi ya kuwa mapacha wawili, mmoja akichukua maisha ya mwenzake. Mtazamaji unabaki ukikagua uso uleule, ukijiuliza huyu ni yupi. Mchezo ni uleule: unayemwamini ni nani, na kwa nini?

Kipindi cha tano

Hapa ndipo ninapotaka ukae chini, uweke simu kando.

Kwa kipindi cha tano, Rust na Marty wanaeleza vile walivyomfikia mshukiwa wao mwaka 1995. Sauti zao za 2012 zinasema: tulifika, wakatufyatulia risasi, tukajitetea, wakafa. Kila mmoja anasema hivyo kwa chumba chake, na maneno yanashikana vizuri sana. Wanaowahoji wanaandika.

Lakini macho yako yanaona kitu kingine. Hakuna aliyewafyatulia risasi. Mshukiwa alikuwa ameshafungwa pingu, na Marty akampiga risasi kichwani. Ndipo Rust anachukua bunduki na kumimina risasi huku na kule ili eneo lifanane na stori watakayoitoa. Wanarudi mashujaa, na ripoti inaenda kwa faili.

Chumba kilinyamaza. Kisha dada mmoja mwenye kibanda cha M-Pesa akasema taratibu, “Kumbe ripoti huandikwa hivyo.”

Sote tulijua anawaza nini. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya chapisho la mtandaoni kumhusu afisa mkuu wa polisi. Akapelekwa Nairobi, na Juni 8 alikuwa amekufa mikononi mwa polisi. Stori ya kwanza tuliyopewa ni kwamba alijigonga kichwa kwa ukuta wa seli. Kisha uchunguzi wa maiti ukafanywa, na mwanapatholojia wa serikali Bernard Midia akaeleza majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa na alama mwili mzima, mambo ambayo mtu hawezi kujifanyia kwa ukuta. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akaomba msamaha mbele ya Seneti. Watu wakiwemo maafisa wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji, wakakana. Hiyo sasa ni kazi ya korti.

Mimi niliacha chuo kabla ya kupata karatasi, na ninakula kwa kuandika mtandaoni. Kwa hivyo stori ya Ojwang siisomi kama habari za mbali. Na ndiyo maana naona tamthilia ya kuchanganya ina faida. Ile ya kunyooka inakufundisha kungoja uambiwe. Hii inakulazimisha uulize kila dakika: nani anasema hili, anasema akiwa wapi, na ninachoona kinalingana na ninachosikia? Hayo maswali ukishayazoea kwa skrini, huwezi kuyazima taarifa ya saa moja ikianza.

Lakini si malaika

Kuna kitu kinaniudhi. Dora Lange anafungua tamthilia nzima, lakini tunajua pembe zake kuliko tunavyomjua yeye. Amekuwa fumbo la wanaume wawili kutatua na kulilia maisha yao.

Huku Bonde la Ufa kaskazini tumezika wanawake ambao majina yao tunayajua. Agnes Tirop, bingwa wa mbio, aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee. Rebecca Cheptegei wa Uganda alifia hospitalini hapo Eldoret Septemba 2024, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa Trans Nzoia, wiki chache tu tangu akimbie marathoni ya Olimpiki ya Paris. Hakukuwa na Mfalme wa Manjano hapo, wala fumbo la kitabu cha zamani. Hatari ilitoka kwa mtu wa karibu. Giza la tamthilia linapendeza, lakini lisikufanye uamini kwamba muuaji lazima awe jini wa msituni.

Namna ya kuiangalia bila kuvunja simu

Kwanza, soma nywele. Rust mwenye nywele fupi ni 1995. Rust mwenye nywele ndefu na masharubu, anayekata makopo ya bia kuwa vijitu vidogo, ni 2012.

Pili, usiimalize kwa usiku mmoja. Vipindi viwili, chai, kelele kidogo, kisha mlale. Stima ikipotea katikati ya kipindi, chukulieni ni nafasi ya kubishana.

Tatu, weka maandishi ya chini. Rust hunong’ona, na lafudhi ya Louisiana haikuhurumii.

Nne, usiingie mtandaoni kutafuta maana kabla ya kipindi cha nane. Utaharibiwa na mtu asiyekujua.

Na ukishamaliza, usiniulize Mfalme wa Manjano ni nani. Niambie tu kwa kipindi cha tano uliamini nini kwanza: masikio au macho.