Joto la Uso kama Kitambulisho

Kamera ya kawaida huweza kudanganywa kwa karatasi. Mtu akiishika picha nzuri ya mwenye simu mbele ya lenzi, chombo huona macho, pua na kinywa, na pengine kikakubali. Ndiyo sababu wataalamu waligeukia mionzi ambayo jicho la binadamu haliioni.

Mionzi hiyo, iitwayo infraredi, iligunduliwa mwaka 1800 na mwanafalaki William Herschel nchini Uingereza. Alipoutenganisha mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu na kupima joto la kila rangi, kipimajoto kilichowekwa nje ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana nuru yoyote, kilionyesha joto kubwa kuliko vyote.

Ngozi ya binadamu yenyewe hutoa mionzi hiyo, hasa ile yenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 10. Damu ipitayo katika mishipa huchora ramani usoni: pembe za macho karibu na pua huwa na joto, ncha ya pua mara nyingi huwa baridi. Karatasi ya mdanganyifu haina ramani hiyo. Wala rangi ya ngozi si kikwazo, maana kwa mionzi hiyo ngozi nyeusi na nyeupe hung'aa karibu sawa. Jambo hilo si dogo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipopima programu za picha za kawaida mwaka 2019, nyuso za watu wa Afrika Mashariki na Magharibi zilikuwa miongoni mwa zilizochanganywa na za wengine mara nyingi zaidi.

Katika miaka ya 1990 mtafiti Mmarekani Francine Prokoski alidai kwamba ramani ya joto hutofautiana hata kwa mapacha wanaofanana. Lakini joto si alama ya kidole. Mwenye homa, au aliyetoka kukimbia, huja na uso mwingine. Na ni nani asiyefika ofisini na jasho mchana wa Dar es Salaam? Miwani nayo huwa giza, kwa kuwa kioo hakipitishi mionzi hiyo.

Simu ya iPhone X, iliyotolewa mwaka 2017, ilifuata njia nyingine. Haipimi joto, bali humulika usoni nukta zaidi ya 30,000 za infraredi iliyo karibu na nuru, ikapima umbo la uso. Kampuni ya Apple hutaja uwezekano wa 1 kati ya 1,000,000 kwamba mgeni ataifungua. Kwa mapacha wanaofanana, yakiri kampuni hiyo hiyo, uwezekano ni mkubwa zaidi.